Tumwombee Dada Yetu Mmoja

Zamani, ukitaka jambo lako lifike Itigi nzima kabla jua halijazama, ulimnong'oneza fundi cherehani wa sokoni. Ilipoingia miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, kila kitu kiliongezeka: mitumba, sabuni za rangi, maredio, wachuuzi. Njia za kusambaza habari nazo ziliongezeka, na iliyokuwa bora kuliko zote ilikuwa sala. Mafundi cherehani walibaki kushona nguo tu.

Yasinta alilijua hilo vizuri. Alikuwa katika Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu tangu aolewe, na kila Alhamisi alasiri alikaa mkekani na wenzake, nyumba ya huyu wiki hii, nyumba ya yule wiki ijayo, akingojea nia. Nia ndiyo sehemu watu waliyoijia. Wimbo uliimbwa, somo likasomwa, katekista Philipo akalieleza somo kwa namna ambayo somo lenyewe lisingejitambua, kisha nia zikafunguliwa. Mwenye ombi alilisema kwa sauti, mwenyekiti akaanzisha jibu, na wote wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Nia haikukataliwa. Hata ungeomba mvua inyeshe shambani kwako na kuliruka shamba la jirani, jirani mwenyewe angeitikia pamoja na wengine, kwa sababu kunyamaza wakati wenzako wanaitikia ni kama kusema hutaki Mungu asikie.

Kwa njia hiyo Yasinta alijua nani mimba imemtoka, mtoto wa nani yuko mahabusu Manyoni, na mume wa nani ameanza kuonekana njia ya Kilimatinde bila shughuli ya kueleweka. Alisikitika, akaitikia, akarudi nyumbani amechangamka. Hakuona ubaya wowote katika utaratibu huo mpaka siku ulipomgeukia yeye.

Mambo yalianza Mathayo, mume wake, alipopunguzwa kazi reli. Miaka yote Mathayo alikuwa mtu wa kubadilisha njia za treni hapo stesheni, na aliamini kwa moyo wote kwamba bila yeye Kigoma na Mwanza zisingefikika. Wakubwa wakaja na maneno mapya, wakasema reli ina watu wengi kuliko kazi, wakawashukuru wafanyakazi kwa hotuba ndefu na kuwarudisha makwao. Mathayo alinunua redio ya kaseti na kiti cha kuegemea. Tangu hapo akawa anafuatilia mambo ya dunia nzima, kuanzia bei ya pamba hadi vita vya watu asiowajua, isipokuwa jambo moja dogo: chakula cha nyumbani kwake kilitoka wapi.

Kilitoka kwenye sinia la Yasinta. Treni ya kutoka Dar ilipoingia mchana, alisimama chini ya madirisha na kuku wa kienyeji aliyechemshwa kwa chumvi na ndimu kisha akakaangwa hadi ngozi ikalia. Tena hakusimama popote tu. Wauzaji wa stesheni walikuwa na nafasi zao, na nafasi yake ilikuwa karibu na bomba la maji, pale yaliposimama mabehewa ya daraja la tatu. Watu wa daraja la kwanza wana behewa lao la chakula, wanakula kwa uma na kujifanya hawana njaa. Daraja la tatu ndio wanaotoa mkono dirishani. Nafasi ile alirithi kwa mama mkwe wake, marehemu Luciana, ambaye ndiye aliyemfundisha kukaanga. Haikuandikwa popote. Nafasi ilikuwa ya mtu anayeisimamia, na ukikaa muda mrefu bila kuonekana, inakuwa ya mwingine, na hakuna wa kumlalamikia.

Basi siku moja, Mathayo akiwa kitini, karo za watoto zikiwa kichwani, na wanawake wapya wenye masinia wakiwa wamejaa stesheni kwa sababu kila mtu sasa alikuwa mfanyabiashara, treni ilipiga honi kutokea mbali, na moyo wa Yasinta ukaanza kwenda mbio. Alidhani utatulia. Haukutulia. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikamkatikia kooni, masikio yakaziba, na akawa na hakika kabisa kwamba anakufa, hapo hapo, mbele ya abiria. Aliliweka sinia chini, akakaa kwenye kokoto. Treni ikaja, ikasimama, ikaondoka. Yeye hakufa. Kuku wote walirudi nyumbani, na watoto wakala mapaja kwa furaha kubwa, wakauliza kama kesho pia mama ataumwa.

Ilijirudia treni iliyofuata, na iliyofuata tena. Ikafika mahali akisikia honi tu, akiwa jikoni kwake, anatafuta pa kukaa. Alikwenda zahanati, akapewa klorokwini, akawashwa mwili mzima, na moyo ukaendelea na mbio zake. Aliporudi zahanati, mganga alimpima presha, akamtazama, akasema, "Mama, huna malaria. Una mawazo."

Yasinta alichukia. Mawazo nani hana? Alitaka ugonjwa wenye jina la heshima, wenye sindano, ambao mtu anaweza kuusema mbele za watu.

Ndipo akafanya kosa. Alikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, Magdalena, mjane mnene mwenye sauti nzuri, ambaye kila mtu alimwita mama mwenyekiti, hata waliomzidi umri. Magdalena naye alikuwa muuzaji wa stesheni. Aliuza mayai ya kuchemsha upande wa mwisho kabisa, yaliposimama mabehewa ya vifurushi, na vifurushi havili mayai.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa. Mbona umekonda hivyo?"

Yasinta akamweleza yote: honi, moyo, ganzi, kokoto, klorokwini. Alilia kidogo. Magdalena alimshika mkono, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, akasema, "Hili litabaki kwangu, kwako na kwa Mungu." Na ukweli usemwe, alimaanisha. Magdalena hakuwa mnafiki. Aliamini kila neno lililotoka kinywani mwake, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kukwepeka.

Alhamisi ile jumuiya ilikuwa kwa Febronia, jirani wa Yasinta. Nia zilipofunguliwa, Magdalena alifumba macho.

"Tumwombee dada yetu mmoja," alianza taratibu. "Sitamtaja jina. Anakaa nyumba ya pili kutoka kisimani. Mume wake amepunguzwa reli na sasa yuko na redio. Anauza kuku daraja la tatu, na kila treni ikipiga honi anaishiwa nguvu, anakaa chini kwenye kokoto. Bwana, wewe unamjua."

Si Bwana peke yake. Kila aliyekuwa mkekani alimjua, na kwa adabu kila mmoja alitazama paa. Yasinta aliona aibu, aibu ya kuchoma masikio. Lakini Magdalena akaanzisha jibu, na wote wakaitikia, na Yasinta, kwa kuwa kunyamaza kungekuwa ndiyo kujitaja jina, akaitikia pamoja nao kwamba Bwana asikie.

Nia ikishaingia mkekani, haikai ilivyo. Wiki iliyofuata Febronia aliomba dhidi ya kitu kilichotegwa kwenye sinia la dada yetu mmoja. Wiki nyingine mtu akaomba mume wa dada yetu mmoja ajaliwe kuinuka kitini. Mathayo aliposikia hilo sokoni, alikasirika, akakaa siku nzima bila kusikiliza taarifa ya habari. Ikafika mahali watoto wa shule wanampisha Yasinta njiani kama mtu aliyebeba maji ya moto.

Wale waliokuwa na huruma walimletea ushauri. "Usiwe na wasiwasi," walimwambia, wote kwa sauti ile ile. "Mwenye imani hana wasiwasi." Yasinta, aliyekuwa na wasiwasi mmoja, sasa akawa na wawili: wa treni, na wa kwamba kuogopa kwake treni ni dhambi. Katekista Philipo, kwa makusudi mazima, akachagua somo la ndege wa angani wasiopanda wala kuvuna na bado hulishwa. Alieleza kwa kirefu. Wote wakamtazama Yasinta kwa upole. Yasinta alikuwa amelima uwele tangu utotoni kabla hajaolewa na stesheni, na ndege wa angani aliowajua yeye walikuwa kwelea kwelea. Kweli hawana wasiwasi. Wanashuka kwa maelfu, wanakula shamba la mtu hadi mabua, wanaondoka wakiimba. Mwenye wasiwasi ni mwenye shamba. Hayo hakuyasema, lakini aliyawaza kwa nguvu sana, na kwa muda ule mfupi moyo wake ulitulia.

Wakati huo huo Magdalena alikuwa akimsaidia.

"Nafasi yako isikupe mawazo," alimwambia mapema kabisa. "Nitaishika mpaka upone."

Na aliishika. Aliacha mayai, akanunua sinia pana, akaanza kukaanga kuku. Kila treni alisimama karibu na bomba la maji, na sauti ile nzuri ya kuanzishia nyimbo ikatangaza mapaja na vidari mpaka abiria waliolala wakaamka. Jioni alipita kwa Yasinta na kifurushi cha gazeti. Ndani yake kulikuwa na shingo na miguu, zile sehemu ambazo daraja la tatu hawatoi mkono dirishani kwa ajili yake. "Kidogo nilichojaliwa," alisema. Watoto walishangilia. Yasinta alishukuru, mara ya kwanza kwa moyo wote, mara ya pili kwa nusu, na baadaye akawa anashukuru huku akihesabu kimoyomoyo mapaja ambayo hakuyaona.

Na kila Alhamisi Magdalena aliomba. "Bwana, usimharakishe dada yetu mmoja. Mjalie mapumziko marefu. Mwondolee hamu ya mambo ya stesheni." Wote wakaitikia. Yasinta akaitikia. Alikuwa amefika mahali pa kuomba kwa mdomo wake mwenyewe kwamba biashara yake isirudi.

Siku alipojikaza na kusema, "Mama mwenyekiti, nadhani wiki ijayo nitajaribu," Magdalena alimtazama kwa huzuni ya kweli.

"Utajaribu nini, mdogo wangu? Utamjaribu Bwana? Sisi tumeomba mapumziko, wewe unataka kukatiza? Anayejiharakisha anaonyesha kwamba hakuamini maombi ya wenzake."

Ikawa hivyo. Akiogopa kwenda, hana imani. Akithubutu kwenda, hana imani pia. Imani pekee iliyobaki ilikuwa kukaa nyumbani na kula shingo.

Alirudi nyumbani na hasira ambayo hakuijua. Kulikuwa na jogoo mmoja aliyekuwa akimfugia Krismasi. Akamchinja. Hakuwa na mpango naye, alitaka tu mikono ishike kitu. Akamwagia maji ya moto, akakaa kwenye kigoda, akaanza kunyonyoa, na alipoanza kunyonyoa mdomo nao ukaanza wenyewe, "Salamu Maria, umejaa neema," kama marehemu Luciana alivyomzoesha. Mama mkwe yule hakuwahi kunyonyoa kuku bila rozari. Hakushika shanga, mikono ilikuwa na manyoya. Luciana alihesabu sala kwa kuku: kuku akiwa mweupe, fungu limekwisha. Hakuwa na maelezo ya ndege wa angani wala wa nchi kavu. Alikuwa na maneno yale yale kila siku, na kuku.

Yasinta aliimaliza nusu ya kwanza ya sala ile, akanyamaza kuvuta pumzi. Na kutoka kwenye kiti cha kuegemea, juu ya sauti ya msomaji habari, Mathayo akajibu, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," mpaka Amina, bila kugeuza kichwa wala kupunguza redio. Mathayo hakuwa mtu wa sala. Jumuiya aliwaachia wanawake, na kanisani alikwenda kwa Pasaka. Lakini alilelewa na Luciana, na mtu aliyelelewa hivyo, akisikia nusu ya kwanza, nusu ya pili inamtoka kama chafya.

Wakaenda hivyo, yeye na manyoya, Mathayo na bei ya pamba, mpaka jogoo akawa mweupe. Yasinta akatambua kwamba mwenzake anapojibu, yeye anapata nafasi ya kupumua. Kifua kilikuwa kimeshuka. Treni ya mizigo ilipita na kupiga honi, moyo ukaruka, akavuta unyoya, akaanza tena. Wala hakuona malaika. Aliona kwamba tangu aache biashara alikuwa ameacha kunyonyoa, na alipoacha kunyonyoa aliacha kusali, na miezi yote hiyo alikuwa ameombewa na watu wengi bila yeye mwenyewe kuomba hata kidogo.

Alhamisi iliyofuata zamu ya kupokea jumuiya ilikuwa kwake. Alifagia uwanja, akaazima mikeka, akachemsha chai. Mathayo alihamishiwa na redio yake nyuma ya nyumba. Watu walikuja wengi kuliko kawaida, wengine wa jumuiya nyingine kabisa, waliotaka kuona kwa macho yao nyumba iliyoombewa kiasi kile. Febronia alilitafuta sinia kwa jicho la pembeni, akaliona linaning'inia ukutani, akasogeza mkeka wake mbali kidogo.

Desturi ni kwamba mwenye nyumba hutoa nia ya kwanza. Magdalena alimgeukia kwa tabasamu la mama mlezi. Yasinta alifumba macho. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, na watu wakaielewa vibaya, wakainamisha vichwa kwa huruma.

"Tumwombee dada yetu mmoja," alisema. "Mimi nitamtaja jina, kwa sababu sina cha kumficha. Ni mama yetu mwenyekiti, Magdalena. Tangu niumwe amebeba mzigo wangu pale stesheni, karibu na bomba la maji, bila kulalamika hata siku moja. Ameacha mayai yake kwa ajili yangu. Amesimama juani. Amenuka mafuta ya kukaangia ambayo si yake. Bwana, mtazame alivyochoka. Sasa mimi nimepata nguvu, na Jumamosi hii narudi mahali pangu. Mjalie na yeye mapumziko marefu, kama alivyoniombea mimi. Umwondolee kabisa hamu ya daraja la tatu."

Nyuma ya nyumba redio ilisema jambo kuhusu hali ya hewa. Kila mtu alimngojea mwenyekiti, maana ni yeye wa kuanzisha jibu, na Magdalena alikuwa amekaa mdomo wazi kidogo, kidole kikiwa kimekwama kwenye shanga moja ya rozari. Angenyamaza, angekuwa mtu wa kwanza katika historia ya Mtakatifu Yosefu kuikataa nia.

"Ee Bwana," alisema.

"Twakuomba utusikie," wakaitikia wote, kwa kishindo ambacho hakijawahi kusikika Alhamisi. Febronia alipatwa na kikohozi kirefu, ikabidi apewe maji.

Wakati wa chai Magdalena alikaa pembeni na kikombe chake. "Nia nzuri," alisema.

"Nimejifunza kwako, mama mwenyekiti."

Yasinta alifurahi. Alifurahi kuliko mtu aliyetoka kwenye sala anavyopaswa kufurahi, na alipokuwa akiosha vikombe alijua kabisa kwamba amemtumia Mungu kama fimbo, kama alivyotumiwa yeye. Alikusudia kuliungama. Alikusudia pia kungoja kidogo kabla ya kuliungama, ili alionje vizuri.

Lakini nafasi ilikuwa imerudi na moyo ulikuwa bado ule ule. Hilo alilijua alipoamka Jumamosi na kukuta mikono imelowa jasho. Sasa hakuwa na mahali pa kujificha. Jumuiya nzima ingekuwa stesheni, na wote wangekuwa na safari za ghafla za kusindikiza wageni. Akikaa tena kwenye kokoto leo, nafasi ya Luciana imekwenda, na hakuna nia itakayoirudisha. Alinyonyoa kuku, Mathayo akijibu. Alikaanga. Alijifunga kanga kiunoni.

"Nitakuombea," alisema Mathayo, akaongeza sauti ya redio.

Stesheni Magdalena alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama pale pale karibu na bomba la maji, na sinia la mayai, uso wa kanisani.

"Nimekuja kukukaribisha," alisema. Akasogea hatua chache tu, kiasi ambacho mtu akianguka anaweza kurudi bila kukimbia. Wengine walipanga mstari kivulini wakijifanya kungoja treni. Katekista Philipo alikuwepo. Febronia alikuwepo na mtoto mgongoni.

Honi ikasikika kutoka upande wa Manyoni.

Moyo ukaanza, kana kwamba haukuwahi kusikia neno lolote lililosemwa kwa ajili yake. Ganzi ikapanda vidoleni. Mabehewa yakaingia, breki zikalia, mikono ikatoka madirishani. "Mama, kuku! Lete kuku!" Yasinta aliona kokoto zinamsogelea. Akashika sinia kwa nguvu, akaanza chini chini, "Salamu Maria, umejaa neema," akaifikisha nusu ya kwanza mwisho kwa pumzi za kuokoteza, na hapo pumzi ikakatika kabisa. Nusu ya pili haikuwepo. Mathayo alikuwa nyumbani na redio.

Nyuma yake Magdalena alikuwa anatangaza. "Mayai, mayai ya moto, mayai na chumvi yake, Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu," na akaendelea hivyo mpaka Amina, kwa sauti ile ile ya Alhamisi, na yai mkononi.

Wote wawili walishtuka. Magdalena alitazama yai kana kwamba ndilo lililosema. Lakini katika muda ule Yasinta alikuwa amevuta pumzi, nzima, hadi chini. Akainua sinia dirishani, akauza paja. Moyo ukapanda tena. Akaanza tena.

"Yasinta," Magdalena alinong'ona kwa ukali, "niache nifanye biashara."

Yasinta hakumwacha. Aliifikisha nusu ya kwanza mwisho. Magdalena alibana midomo. Aliibana kweli, mashavu yakajaa, macho yakamtoka, na mnunuzi wa mayai akarudisha mkono wake ndani kwa tahadhari. Hakuweza. Tangu utoto wake kijijini Sepuka, tangu kabla hajajua kuhesabu, hakuwahi kuiacha nusu ile ining'inie hewani. Ikamtoka.

"Nyie akina mama," aliuliza abiria mmoja mwenye kofia, "mnauza kuku au mnazika?"

"Kuku," alisema Yasinta. "Paja au kidari?"

"Sasa na saa ya kufa kwetu," alimalizia Magdalena nyuma yake, kwa uchungu.

Walikwenda hivyo treni nzima. Yasinta aliogopa tangu mwanzo hadi mwisho, na aliuza tangu mwanzo hadi mwisho. Sinia lilipobaki tupu, behewa la mwisho lilikuwa likipita bomba la maji, na yeye alikuwa bado wima. Mstari wa kivulini ukatawanyika polepole, kwa huzuni ya watu waliokosa kitu cha kuombea. Magdalena alibaki na mayai mengi, maana si rahisi kumwuzia mtu yai huku unamkumbusha kufa.

Alikuja akasimama karibu na Yasinta, akitazama reli.

"Na treni ijayo utaanza tena?"

"Nitaanza, mama mwenyekiti. Bila hivyo nitakaa chini."

Magdalena alifikiri. Angeweza kurudi mwisho kabisa, kwenye vifurushi, ambako asingesikia. Lakini kule hakuna mtu anayenunua mayai. Akapanga upya sinia lake.

"Basi uanze mapema," alisema, "kabla sijaanza kutangaza. Unanichanganya na chumvi."

Alhamisi jumuiya ilikuwa kwa Magdalena mwenyewe. Nia zilipofunguliwa alifumba macho, akashusha pumzi ndefu.

"Tumwombee dada yetu mmoja," alisema. "Sitamtaja jina. Hawezi kuuza kuku bila kuitikiwa. Bwana, umponye upesi, ili na wengine tufanye biashara."

Wote wakatazama paa. Kisha wakaitikia, na sauti ya Yasinta ilikuwa juu kuliko zote.